Kipokezi Kinachojua Kuachia

Mtoto wa wiki 6 anachomwa kisigino kliniki, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi maalumu, karatasi inapelekwa maabara. Mama anayeishi na VVU huuliza, na ana haki ya kuuliza: mimi nilipimwa nikapewa majibu papo hapo, mwanangu anasubiri nini? Kipimo kile cha haraka hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kukikabili. Na mtoto huyo, awe ameambukizwa au la, amezaliwa na kingamwili za mama yake. Ndiyo sababu maabara husaka vinasaba vya kirusi chenyewe, na kipimo cha kingamwili hungoja hadi miezi 18.

Kingamwili hizo zilimfikiaje? Kondo la nyuma si chujio lenye matundu. Protini kubwa kama kingamwili haipenyi tu. Inavushwa, na mvushaji wake ni kipokezi kiitwacho FcRn.

Kingamwili ina umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu ndiyo inayomkamata adui, na kila kingamwili ina mikono iliyochongwa kwa adui wake: huyu wa surua, yule wa pepopunda. Sehemu ya chini, inayoitwa Fc, haibadiliki ovyo. Ni kama mpini: jembe na shoka vina kazi tofauti, lakini mkono wa mkulima unashika mti tu. FcRn hushika mpini, tena wa aina moja ya kingamwili, IgG. Aina ya IgM haivuki, na madaktari wameigeuza kasoro hiyo kuwa kipimo: kichanga akikutwa na IgM dhidi ya ugonjwa fulani, hujua kwamba ameitengeneza mwenyewe.

Kwa umbile, FcRn ni minyororo miwili ya protini. Mkubwa una mafundo matatu nje ya seli na mkia uliopenya utando. Mdogo, beta-2 mikroglobulini, umeuegemea ubavuni. Ukikitazama utadhani ni mojawapo ya protini za MHC daraja la kwanza, zile zinazoonyesha vipande vya virusi kwa seli za kinga. Ni ukoo mmoja kweli. Ila ndugu zake wana mfereji juu wa kuwekea vipande hivyo, na mfereji wa FcRn umebanwa, hauwekeki kitu. Chenyewe hushikia ubavuni.

Ustadi wake uko kwenye kuachia. Seli za kondo humeza vitone vya maji ya damu ya mama na kuvifungia katika vifuko. Ndani ya kifuko uchachu hupanda, pH ikashuka hadi karibu 6. Hapo asidi amino mbili au tatu zilizo kwenye mpini wa kingamwili, histidini, hupata chaji chanya, na kwenye ubavu wa FcRn zipo asidi amino zenye chaji hasi zinazozisubiri. Vinanasana. Kifuko husafiri hadi upande wa mtoto na kufunguka penye pH 7.4; histidini hupoteza chaji, mshiko hulegea, mzigo hushuka. Kipokezi kingekuwa kinashika kwa nguvu ile ile kila mahali, kingamwili zingevuka na kubaki zimening'inia ukutani.

Safari hii hushamiri katika wiki za mwisho za ujauzito, kwa hiyo njiti huzaliwa na akiba pungufu. Aliyetimiza miezi mara nyingi huwa na IgG nyingi kuliko mama mwenyewe. Chanjo ya pepopunda anayochomwa mjamzito inategemea njia hii hii. Lakini mvushaji hakagui mzigo. Mama wa damu ya rhesus hasi aliyekwisha kutengeneza kingamwili dhidi ya rhesus chanya, FcRn itazivusha nazo, zikavunje chembe nyekundu za mtoto wake.

Kipokezi hiki kilifikiriwa kabla hakijaonwa. Mwaka 1958 mwanazuolojia F. W. Rogers Brambell, wa Bangor huko Wales, alipendekeza kwamba lazima kipo; mwaka 1964 yeye na wenzake wakaongeza kwamba kipokezi cha namna hiyo huzinusuru kingamwili za watu wazima pia. Alikuwa sahihi kote kuwili. Seli za kuta za mishipa hunywa damu mchana kutwa, na protini nyingi zinazomezwa huishia kumeng'enywa. IgG hudakwa na FcRn ndani ya kifuko na kurudishwa kwenye damu, na ndiyo maana huchukua kama siku 21 kupungua kwa nusu. Aina ndogo ya IgG iitwayo IgG3, ambayo kwa watu wengi ina arjinini pale wenzake walipo na histidini, nusu yake huisha kwa wiki moja hivi. Tofauti ya asidi amino moja!

Watengeneza dawa wameliona hilo, nao wanavutia pande mbili. Kuna magonjwa ambayo kingamwili hushambulia mwili wenyewe, kama miastenia inayolegeza misuli. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha efgartigimod, kipande cha mpini kinachoing'ang'ania FcRn ili kingamwili, nzuri na mbaya, zikose pa kudakwa. Wengine wanataka zidumu. Nchini Mali, katika msimu wa malaria wa 2021, watu wazima walipewa mara moja tu kingamwili ya maabara iitwayo CIS43LS; dozi kubwa iliwakinga dhidi ya maambukizi kwa asilimia 88.2 katika miezi 6. Mikono yake hukamata kimelea. Herufi mbili za mwisho wa jina, L na S, ni lusini na serini zilizopachikwa kwenye mpini, ili FcRn iushike vizuri zaidi penye uchachu.