Rangi Mtaani: Wapimaji wa Bomba la Maji Wanatafuta Nini?

Aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi akiona alama ya X nyekundu ukutani hahitaji kuelezwa: nyumba imeingia kwenye hifadhi ya barabara, na bomoabomoa inanukia. Si ajabu basi mwenzetu hapa Marekani akitoka asubuhi na kukuta mistari ya rangi barabarani na vibendera kwenye nyasi zake, moyo ukampiga paa. Atulie. Mara nyingi ni maandalizi ya kubadilisha bomba kuu la maji, na upimaji huo haumtoi mtu nyumbani kwake.

Bomba kuu ndilo linalopita chini ya barabara na kugawa maji kwa mtaa mzima. Katika miji mikongwe, mengi ni ya chuma na yalilazwa karne iliyopita. Kutu ikiyala, hupasuka. Kabla mhandisi hajachora mradi, lazima ajue kilichopo juu na chini ya ardhi. Wapimaji husimamisha kifaa chao cha miguu mitatu, wakapima mwinuko wa barabara na kuandika zilipo mita, valvu na miti. Penye shaka huchimba kishimo chembamba kwa mashine ya kufyonza udongo, walione bomba kwa macho badala ya kuamini ramani ya zamani. Kule Minnesota, ambako baridi hugandisha ardhi, bomba hulazwa zaidi ya mita 2 chini.

Rangi zina maana zake. Buluu ni maji ya kunywa, nyekundu umeme, njano gesi, chungwa simu na intaneti, kijani maji taka. Waridi ni alama za muda za wapimaji, na nyeupe huonyesha patakapochimbwa. Watoto wasichezee vibendera hivyo: kikiondoka cha njano, mchimbaji anaweza kukata bomba la gesi. Na wewe ukitaka kuchimba uani kwako, hata kwa ajili ya uzio tu, piga 811 kwanza. Kuwekewa alama ni bure.

Kazi ya kubadilisha bomba kuu mara nyingi huja na swali la afya: bomba linaloingia nyumbani kwako ni la nini? Marekani ilipiga marufuku kuweka mabomba mapya ya madini ya risasi mwaka 1986, lakini ya zamani yalibaki ardhini. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Litafute bomba linapotokeza ukutani kabla ya mita, ulikwangue taratibu kwa sarafu. Likiwa laini, liking'aa kama fedha na sumaku isinase, huenda ni risasi. Likiwa na wekundu, ni shaba. Sumaku ikinasa, ni chuma. Piga picha, na jiji likikuletea fomu ya kuuliza aina ya bomba lako, ijaze.

Hata mpangaji ajaze, asidhani hilo ni la mwenye nyumba peke yake. Newark, New Jersey, ilibadilisha mabomba ya risasi zaidi ya 20,000 ndani ya miaka mitatu hivi bila kumtoza mwenye nyumba. Kwa kuwa wakazi wengi wa mji huo ni wapangaji, jiji lilipitisha sheria ndogo iliyoruhusu kazi hiyo hata pale mwenye nyumba asipopatikana.

Mpimaji akibisha hodi, mwombe kitambulisho. Hana sababu ya kudai pesa wala karatasi zako za uhamiaji. Ukiwa na wasiwasi, usimfungulie. Piga namba iliyo kwenye bili yako ya maji na uombe mkalimani.

Lakini tusiishie kuondoa hofu tu. Huu ndio wakati wa kusema. Kama kuna mgonjwa anayesafishwa damu nyumbani, mama anayelea watoto wa majirani, au msikiti unaojaa kila Ijumaa, wahandisi wajue kabla hawajapanga siku za kukata maji na kufunga barabara. Leo, kusogeza bomba ni kufuta mstari kwenye mchoro. Mkandarasi akishaanza kuchimba, ni gharama na malumbano. Barua ya mkutano wa mtaa ikifika, twende, na tumsomee jirani asiyejua Kiingereza.