Mhudumu wa wodini: mjue kwa jina

Mama, ukijifungulia hospitalini, utakayemwona mara nyingi zaidi pengine si daktari wala mkunga. Ni mhudumu wa afya, yule ambaye wengi wetu humwita "nesi" tu au, tukiwa na haraka, "wewe dada". Anafanya kazi chini ya muuguzi.

Ndiye anayetandika shuka safi, anayepeleka damu yako maabara, anayekushika mkono unapokwenda bafuni mara ya kwanza, wakati kizunguzungu huwaangusha wengi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani humgeuza kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya mgandamizo. Damu ikimwagika sakafuni, huisafisha kwa klorini kabla hujapita na kandambili zako.

Kuna jambo kubwa zaidi. Saa 24 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya kutokwa na damu nyingi. Mhudumu anayebadilisha shuka anaweza kuwa wa kwanza kuona imelowa kuliko kawaida, akamwita mkunga. Kwa hiyo usimfiche kwa aibu. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, mwambie yeye au mkunga papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Usingoje daktari apite wodini asubuhi.

Sasa, kumshukuru. Pesa ya kificho hapana: inamweka pabaya kazini, na mama wa kitanda cha pili asiye nayo atadhani huduma inauzwa. Muulize jina lake, umwite kwa hilo. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, andika jina hilo na alichokufanyia, uweke kwenye sanduku la maoni, au umwambie muuguzi mfawidhi. Masanduku hayo hujaa malalamiko. Karatasi ya ahsante huonekana.

Wapo pia wanaofoka, tusidanganyane. Aliyekutukana huna deni naye, na hilo nalo liandike.

Nawe mlezi unayekuja kumwona mgonjwa, mpishe anapopiga deki. Pedi na pamba zenye damu ziweke kwenye chombo alichokuonyesha, zisichanganywe na maganda ya ndizi. Yeye ndiye atakayezibeba taka hizo kwa mikono yake, na sindano iliyofichwa humo humchoma yeye kwanza.