Binti Anapoomba Kipakatalishi: Tununue Kipi, na kwa Pesa Gani?



Siku hizi si ajabu binti aliyemaliza kidato cha nne kuwaambia wazazi wake kwamba ataka kujifunza kutengeneza programu za simu. Ni ombi jema. Ufundi huu waweza kufanywa nyumbani kwa staha, na huenda siku moja akaunda programu ya kuhesabu zaka, au ya duka la mabuibui la mama yake. Lakini ombi hilo huja na bei, na hapo ndipo nyumba nyingi hujikwaa. Baba huingia dukani asijue la kuuliza, akauziwa pambo badala ya chombo cha kazi. Au mama hutia sahihi mkopo wa riba kwa kuchelea mwanawe asipitwe na wenzake. Yote mawili yaweza kuepukwa.

Programu kuu ya kutengenezea programu za simu za Android ni Android Studio, ambayo Google huitoa bure. Hiyo hula sana kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM. Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini. 16 ndicho cha kufanya kazi kwa raha. Kipakatalishi cha gigabaiti 4, hata kiwe kipya na chepesi kama unyoya, kitamkatisha tamaa. La pili ni hifadhi yake: iwe ya SSD, si diski ya zamani inayozunguka, na isipungue gigabaiti 256. Rangi, wembamba na kioo cha kugusa ni mapambo tu.

Kwa hivyo, kilichotumika lakini kizima chaweza kukishinda kipya kilicho dhaifu. Ila rahisi huvunja upishi; kikagueni. Kiwashwe mbele yenu, na kiasi cha RAM kisomwe kwenye mipangilio, si kwenye kibandiko. Chomoeni waya wa chaji, mkae nacho nusu saa mwone betri inavyoshuka. Bonyezeni kila herufi. Ulizeni iwapo RAM yaweza kuongezwa baadaye, kwani katika baadhi ya vipakatalishi haiongezeki. Kisha dai risiti na dhamana ya maandishi.

Simu ya kufanyia majaribio hainunuliwi. Android Studio ina simu ya kuigiza, lakini hiyo nayo hula RAM. Simu ya Android aliyo nayo yatosha: kwenye mipangilio aiguse nambari ya muundo mara 7, chaguo za wasanidi programu zitafunguka, aruhusu utatuzi wa USB, kisha aiunganishe kwa waya. Lugha ya kuanzia ni Kotlin, ambayo Google imeipa kipaumbele tangu 2019, na masomo yake yapatikana bure. Programu za iPhone zahitaji kompyuta ya Mac, basi hizo zingoje. Siku atakapotaka kuiweka kazi yake Google Play, ada ya kujiandikisha ni dola 25, mara moja tu.

Tazameni basi: karibu kila kitu ni bure isipokuwa mashine. Haifai mashine hiyo moja ifungue mlango wa riba katika nyumba inayosaliwa. Kama fedha hazijatimia, jamaa wa ukoo waweza kutoa mkopo mwema usio na ziada, mkaandikiana kama dini ilivyotuhimiza. Au muuzaji akubali malipo ya awamu kwa bei moja iliyokatwa tangu mwanzo, isiyopanda mkichelewa. Na ikiwa hayo hayakupatikana, kungoja miezi mitatu si aibu. Binti aweza kuanza kujifunza misingi ya Kotlin kwa simu yake.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.