Miguu miwili, baiskeli tano

NDUGU msikilizaji, wiki mbili zilizopita nilitembelewa na shemeji yangu kutoka Morogoro, kaka yake mke wangu. Baada ya chai tulitoka uani kupunga upepo. Huko uani, chini ya banda la mabati, alizikuta baiskeli tano zimeegemezwa ukutani. Zote nyeusi, zote ndefu, zote za kizamani, zote zenye breki za fito za chuma. Akazitazama, akanitazama mimi, kisha akauliza: "Shemeji, umefungua duka?"

Nikamjibu kuwa la, zote ni zangu, za kuendesha mwenyewe. Akacheka. "Mtu ana miguu miwili. Baiskeli tano za nini? Tena zote za aina moja!" Mke wangu alikuwa akianua nguo kambani. Hakusema neno, lakini alitabasamu kama mtu aliyelingoja swali hilo kwa miaka mingi.

Jioni ile nilijaribu kumjibu shemeji, nikaona maneno yangu hayakai sawa. Ndiyo maana katika mazungumzo ya leo ningependa kulirudia swali lake taratibu. Silirudii kwa ajili yangu peke yangu. Wapo wengi wenye maradhi kama haya. Namfahamu mtu mwenye redio kumi za mbao, na mwingine mwenye saa za mkono zinazojaza droo nzima. Kila mmoja wao huulizwa za nini, na swali hilo ni la haki, kwa sababu fedha ya nyumba ni ya nyumba nzima. Anayeulizwa hana budi kutoa hesabu.

Nianze na hilo la kwamba zote ni za aina moja. Mwanamke wa pwani anaweza kuwa na doti thelathini za kanga sandukuni. Zote zina upana ule ule, zote zina pindo na mji, zote huvaliwa namna moja. Ukimwambia kuwa ni za aina moja atakushangaa, kwa sababu kila moja ina jina lake na siku yake. Ipo ya msibani, ipo ya harusini, ipo aliyozawadiwa na wifi yake, na ipo ya kumfikishia jirani ujumbe. Asiyesoma jina la kanga huona vitambaa tu. Baiskeli nazo zina majina, ila hayakuandikwa kwa herufi kubwa.

Tazama gurudumu la meno, pale zinapofungwa pedali. Kwenye Raleigh utaona vichwa vya ndege wa jamii ya korongo vimekatwa ndani ya chuma. Ndege huyo ndiye aliye kwenye nembo ya kiwanda. Kwenye Humber utaona vijitu vitano vimejipanga duara kama wacheza ngoma, na ukitazama uma wa mbele utakuta mabomba mawili kila upande badala ya moja. Nembo ya BSA ina bunduki tatu zilizoegemeana, kwa kuwa kampuni hiyo ya mji wa Birmingham ilianza kwa kutengeneza silaha kabla ya baiskeli.

Na kama zinafanana, kuna sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mwingereza mmoja, Frank Bowden, alinunua karakana ndogo ya baiskeli mjini Nottingham. Karakana hiyo ilikuwa mtaa wa Raleigh, na jina la mtaa likawa jina la baiskeli. Kampuni ilipokua ikaanza kuwameza wenzake: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na baiskeli za BSA mwaka 1957. Humber nyingi zilizokuja baada ya hapo ni watoto wa nyumba ile ile ya Raleigh waliovalishwa nguo nyingine. Mafundi wa nchi nyingine nao wakaufuata mtindo huo huo. Phoenix iliundwa Shanghai, na huko China ilifika wakati ambapo kijana aliyetaka kuoa alitazamiwa kuwa na vitu vitatu vinavyozunguka na kimoja kinachotoa sauti: baiskeli, saa ya mkono, cherehani na redio. Hero ilianza mwaka 1956 mjini Ludhiana, India, na kufikia mwaka 1986 kitabu cha Guinness kiliitaja kuwa ndiyo kampuni inayotengeneza baiskeli nyingi kuliko zote duniani.

Sasa tuje kwenye hoja zangu. Ya kwanza ni vipuri. Kiwanda cha Nottingham kiliacha kutengeneza baiskeli mwaka 2002. Tangu hapo, mwenye Raleigh ya zamani hawezi kuagiza kipande kutoka pale kilipozaliwa. Atakwenda Kariakoo, na Kariakoo atapata tairi, mpira wa ndani, spoku, mnyororo na kengele bila taabu. Lakini kuna mahali atakwama.

Mimi nilikwama kwenye vile vikombe vya chuma vinavyokaa na gololi pale pedali zinapozungukia. Cha upande mmoja kilikuwa kimelika. Nikanunua kingine, kinang'aa, ukubwa wake ule ule kwa macho. Nikakifunga kwa mkono, kikazunguka mara moja na nusu kikagoma. Badala ya kumwita fundi, nikachukua spana kubwa. Kiliingia, ndiyo, lakini kiliingia kwa kuzila nyuzi za hesi za fremu. Fundi alipokuja alitikisa kichwa, akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingeharibu chuma cha miaka sitini. Raleigh ilikata hesi zake kwa nyuzi 26 katika kila inchi moja. Watengenezaji wengi wengine walitumia nyuzi 24, kipimo ambacho hadi leo huitwa kwa jina la BSA. Tofauti ni nyuzi mbili tu katika inchi, jicho haliioni, lakini chuma kinaijua.

Tangu siku ile nilielewa kwa nini wazee hawakutupa baiskeli mbovu. Raleigh moja ikifa, inaziponya nyingine mbili. Wale waliokuwa na umri wa kuelewa mambo miaka ya mwanzo ya 1980, wakati bidhaa zilipoadimika madukani, wanakumbuka jinsi baiskeli ilivyotembezwa kwa vipande vya marehemu wenzake. Ninazo Raleigh mbili na Humber moja za nyumba moja. Zinaazimana gololi, ekseli na vikombe.

Hoja ya pili ni kazi. Raleigh ya kwanza haina gea. Ndiyo niendayo kazini alfajiri ninapokuwa na zamu ya taarifa ya habari ya asubuhi, maana haina cha kuharibika njiani. Ya pili ina gea tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kazi ya Sturmey-Archer. Vitovu vya aina hiyo kwa kawaida hupigwa mhuri wa mwaka vilipotoka kiwandani, kwa hiyo mara nyingi unaweza kuujua umri wake bila kumwuliza mtu. Gea ya kati ni mwendo wa kawaida. Ya chini inapunguza mwendo kwa robo, ya juu inauongeza kwa theluthi. Yangu ina meno 46 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali katika gea ya kati unanisogeza karibu mita 5.7, ya chini mita 4.3; ya juu mita 7.6. Hizo mita ni hesabu tu ukiwa umekaa kitini. Panda nayo kilima cha Kimara jua likiwaka ndipo utajua tofauti yake na ile isiyo na gea, ambayo huko Kimara hushukwa na kukokotwa.

Phoenix ndiyo punda wa nyumba. Keria yake ni pana, na gunia la mkaa au la unga halijawahi kuishinda. Humber naiendesha Jumapili, bila mzigo, kwa raha tu. Sioni haya kulisema hilo. Mwingine Jumapili huangalia mpira, mwingine hukaa kwenye kijiwe cha kahawa. Mimi huiendesha Humber hadi Feri, nikawatazama wavuvi, nikarudi.

Hoja ya tatu ni gharama. Baiskeli zote tano, pamoja na matengenezo yake, hazijafikia bei ya pikipiki moja mpya, na hazinywi mafuta. Nilizinunua moja moja kwa muda wa miaka kumi na moja, na sikupata kukopa kwa ajili yake.

Hapo, ndugu msikilizaji, nilidhani nimeshinda kesi. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shemeji alipokwisha kuondoka nilichukua daftari la shule la mwanangu, nikaandika majina matano, na mbele ya kila jina nikaandika mara ya mwisho nilipoiendesha. Raleigh ya kwanza: jana. Phoenix: juzi. Ya gea: wiki iliyopita. Humber: Jumapili. BSA: nikasimama na kalamu mkononi. Nikakumbuka sikukuu ya mwaka juzi.

Na nilipoikumbuka BSA nikamkumbuka na kijana mmoja wa mtaani kwetu anayesambaza mikate madukani. Baiskeli yake iliibwa, akawa anabeba kreti kichwani tangu saa kumi na moja alfajiri. Miezi miwili kabla ya ujio wa shemeji alikuja kwangu, akabisha hodi, akanipa shikamoo. "Mzee, nimeona una baiskeli nyingi. Naomba unikodishe ile ya mwisho, nitakulipa kila Jumamosi." Nikamwambia ile ni ya asili, haibebi mzigo, ikivunjika haipatikani nyingine. Akasema, "Sawa, mzee," akaenda zake. Hakununa. Kila alfajiri nikienda kazini nilimpita njiani na kreti yake, nikapiga kengele, akanipungia mkono.

Usiku ule wa daftari niliishusha BSA na kuiangalia kwa tochi. Tairi zilikuwa zimepasuka pale zilipokalia sakafu. Kiti cha ngozi kilikuwa na ukungu wa kijani. Gurudumu la nyuma lilizunguka nusu mzunguko, likakwaruza, likasimama. Grisi ilikuwa imekauka na kutu imeingia kwenye gololi. Nilikuwa nimemnyima kijana nikisema ataiharibu, na kumbe nilikuwa naiharibu mimi mwenyewe, bila hata kuipanda.

Asubuhi nikampelekea fundi. Akaifungua yote, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaweka gololi mpya na grisi. Akaniambia kwamba baiskeli alizozika yeye nyingi ziliuawa na kusimama kuliko kutembea. Kisha akanikumbusha lile la nyuzi za hesi. BSA yangu iliundwa Birmingham kabla ya mwaka 1957, kwa hiyo hesi zake ni za nyuzi 24. Maana yake ni kwamba haiwezi kuzisaidia Raleigh zangu kwa vikombe, wala zenyewe haziwezi kuisaidia. Lakini kile kikombe kipya kilichoiumiza Raleigh yangu, kwenye BSA kiliingia kwa vidole viwili. Vipuri vyake ndivyo vinavyouzwa. Kwa maneno mengine, baiskeli niliyosema haipatikani nyingine ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kutunzwa na kijana wa mikate.

Jumamosi iliyopita nilimwita. Tumepatana bei ile ile niliyonunulia, alipe kidogo kidogo kila wiki. Fundi amemfungia keria pana. Mke wangu amependekeza sehemu ya malipo iwe mikate, na pendekezo hilo limepita bila kupingwa.

Basi, jibu langu kwa shemeji na kwa wote wanaouliza ni hili. Mtu kuwa na vitu vinne vinavyofanana si wazimu, ikiwa anazijua tofauti zake, ikiwa kila kimoja kina kazi au kinakiponya kingine, na ikiwa hakuna mtu wa nyumbani aliyelala njaa kwa ajili yake. Hata raha ni kazi mojawapo, mradi uitumie kweli. Lakini kitu kilichokaa miezi mitatu bila kuguswa kimekwisha kuacha kuwa cha starehe, kimekuwa cha kuwanyima wengine. Hiyo miezi mitatu ni kanuni niliyojiwekea mwenyewe, na daftari nimelitundika bandani. Mke wangu ndiye anayelikagua.

Wewe msikilizaji mwenye redio kumi, au saa droo nzima, sikuombi uzigawe. Nakuomba uchukue daftari, uandike mara ya mwisho ulipokigusa kila kimoja. Yawezekana ukagundua kwamba una haki na vyote. Yawezekana pia ukamkumbuka mtu aliyekuja kubisha hodi.

Leo asubuhi nikienda kazini kijana wa mikate alinipita pale kwenye mteremko, kreti mbili nyuma, akapiga kengele. Ilikuwa zamu yangu kupunga mkono.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.