Chaza bei chini, kiu bei juu

Bandugu wachimbaji, mu Marekani kuko restora za samaki mu kartiye zenye zinashusha bei ya chaza (huîtres) magaribi, wakati watu wanatoka kazi. Juu ya nini? Ile saa viti viko wazi, na chaza iko na chumvi ya bahari: ukikula sita, kiu inakukamata. Faida inatoka mu chupa.

Kule Placerville, Kalifornia, wanasemaka kwamba mu 1849 mutu mwenye alipata zahabu aliomba chakula cha bei kupita vyote: mayai, nyama ya nguruwe na chaza za kutoka mbali. Ile sahani iko mpaka leo. Zahabu yake haiko.

Siku ya mushahara, tulipe kwanza unga na minerval. Kisha twende nganda na bibi, tukihesabu chupa.