Je, Wajua? Kansa ya tumbo, kutoka Baraka hadi milima ya Itombwe

Je, wajua kuwa tangu miaka ya 1960 madaktari wamekuwa wakiitaja milima inayozunguka maziwa makuu kuwa miongoni mwa sehemu za Afrika zenye kansa nyingi ya tumbo? Ukanda huo unaanzia kusini magharibi mwa Uganda, unapita Rwanda na Burundi, unaingia Kivu. Miteremko ya Kilimanjaro nayo imo. Na Fizi, ya Kivu Kusini, imo: Baraka chini, kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na Itombwe juu, ambako vilele vinapita mita 3,000. Kwa hiyo anayedhani kansa hii ni ugonjwa wa Ulaya ajue kwamba ni ugonjwa wa kwetu pia.

Aliyesaidia kufichua chanzo chake alikunywa vijidudu. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kukuza maabarani kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, kinachoishi tumboni licha ya asidi kali. Wenzao hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akakoroga vijidudu hivyo katika kikombe, akanywa. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na uchunguzi ukaonyesha tumbo lake limevimba ndani. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa kansa la WHO lilikitangaza kijidudu hicho kuwa kisababishi cha kansa, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kijidudu hiki huingia utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumba moja. Mji kama Baraka, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara kwa uhaba wa maji safi, unakipa nafasi kubwa. Lakini wengi wanaokibeba hawapati kansa kamwe. Katika kila 100, wanaoipata ni kama 1 hadi 3, baada ya miaka mingi. Sigara huongeza hatari, na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi vilevile. Ndakala walioanikwa juani bila chumvi hawamo katika lawama hiyo.

Je, wajua kuna kitendawili kinachoitwa fumbo la Afrika? Mwaka 1992 mtafiti Holcombe alieleza kwamba Waafrika wengi wana kijidudu hiki, ilhali kansa ya tumbo inaonekana kuwa chache kwao. Wengine wakamjibu kwamba kisichopimwa hakiwezi kuhesabiwa. Kwa mtu wa Fizi jibu hilo lina uzito. Mgonjwa anayefia kijijini Lulenge bila kupimwa haingii kwenye kitabu chochote cha kansa.

Sasa tufike penye kiini. Mwanzoni kansa hii haina sauti ya pekee. Ni kiungulia, ni tumbo kujaa baada ya matonge mawili matatu ya bugali, ni kichefuchefu, ni hamu ya chakula kupungua. Mgonjwa huambiwa ana gastriti au vidonda vya tumbo, hununua vidonge kwenye famasi, hupata nafuu, kisha maumivu hurudi. Hapo ndipo mtego ulipo: dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli inaweza kutuliza hata maumivu ya kansa kwa muda na kuuficha ugonjwa ukiendelea kukua. Miezi inapita. Mtu anaanza kukonda, kutapika, kuishiwa damu. Choo kinakuwa cheusi kama lami, kwa sababu damu imemeng'enywa njiani. Matapishi yanafanana na machicha ya kahawa.

Na huku Kivu, mtu akikonda na kutapika hivyo, mara nyingi neno la kwanza kutajwa ni karuho: amelishwa sumu. Anapelekwa kwa anayetapisha, anapewa mitishamba, jirani au mke mwenza anaanza kutazamwa vibaya. Naandika haya bila kumdharau anayeogopa sumu. Hofu hiyo imekaa katika familia nyingi. Lakini dalili wanazozitaja watu wa karuho ndizo dalili zilezile za kansa ya tumbo iliyokwisha kukomaa. Kila wiki inayopita kwa mtapishaji inakula nafasi ya mgonjwa ya kufanyiwa upasuaji, na mara nyingine inavunja ukoo ambao haukuwa na mwenye kosa.

Dalili moja iligunduliwa na muuguzi. Katika hospitali ya St. Marys, Rochester, Marekani, mtawa Mary Joseph Dempsey, msaidizi wa daktari William Mayo, alikuwa akisafisha ngozi za wagonjwa kabla ya upasuaji. Akaona kwamba wenye uvimbe mgumu kitovuni walikuwa na kansa iliyokwisha kusambaa tumboni. Hadi leo uvimbe huo unaitwa kwa jina lake. Uvimbe mwingine wa namna hiyo hutokea juu ya mtulinga wa kushoto, karibu na shingo.

Kipimo chenyewe ni fibroskopi: mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, mgonjwa akiwa hajala kwa saa 6 hadi 8. Mmoja wa waliobuni mrija wa kwanza unaopindika vizuri alikuwa Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Bethal, Afrika Kusini. Mwaka 1957 alijipitishia mwenyewe kabla ya kumpitishia mgonjwa. Kuona kidonda hakutoshi. Daktari hukata vipande vidogo kadhaa, na maabara ndiyo inayosema kama ni kansa. Kisha skana huonyesha kama imefika kwenye ini au kwingineko.

Kwa mtu wa Baraka, kipimo hicho kwa kawaida kimemaanisha safari ya Uvira hadi Bukavu, na tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 njia hiyo imezidi kuwa ngumu. Wapo wanaotazama ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ambako watu wengi wa Fizi wana ndugu kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tanzania ina tiba ya kansa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Tiba inayoweza kuponya ni upasuaji, mara nyingi pamoja na dawa za kansa kabla na baada. Theodor Billroth aliufanya kwa mafanikio mara ya kwanza huko Vienna, Januari 1881. Mgonjwa alipona kidonda, lakini kansa ilirudi akafariki baada ya miezi michache. Leo, Japani, wanaogunduliwa mapema kabisa, zaidi ya 90 kati ya 100 wako hai baada ya miaka 5. Korea Kusini humwita kila aliyefikisha miaka 40 apimwe kila baada ya miaka 2. Kansa iliyosambaa kwa kawaida haiponi, ila maumivu na kutapika vinaweza kutulizwa, na hiyo pia ni tiba.

Je, wajua mtu anaweza kuishi bila tumbo kabisa? Umio huungwa na utumbo. Anakula kidogo kidogo, mara 6 kwa siku, akitafuna sana, tonge dogo la bugali na sombe badala ya sahani iliyojaa. Soda na chai yenye sukari nyingi zinaweza kumtoa jasho na kumwendesha moyo mbio, kwa sababu sukari inashuka utumboni kwa ghafla. Na maisha yake yote atahitaji vitamini B12, kwa kawaida kwa sindano, kwani tumbo ndilo lililousaidia mwili kuifyonza. Akiisahau, damu itapungua na mishipa ya fahamu itaharibika.

Ndugu msomaji, kama wewe au mzee wako nyumbani anashiba kwa matonge mawili, anakonda, anatapika damu au choo chake ni cheusi, usinunue tena vidonge vya famasi na usimtafute aliyetia sumu. Mwombe daktari karatasi ya fibroskopi. Na kama mzazi au ndugu wa damu aliwahi kufa kwa kansa ya tumbo, omba upimwe kijidudu hata ukiwa mzima: antibiotiki pamoja na dawa ya asidi kwa siku 10 hadi 14 kwa kawaida hukimaliza, na kukimaliza kunapunguza hatari ya kansa hiyo.