Nyanya na Hewa Inayoizunguka

Juma lililopita tulifungua mfuko wa plastiki jikoni kwetu tukakuta nyanya za Kongowea zimelowa jasho na kunuka uchachu. Tuliudhika, kisha tukakiri kosa ni letu: tulizinyima hewa.

Nyanya, au tungule kama tuziitavyo hapa Mombasa, haifi inapochumwa. Huendelea kuvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, pamoja na ethilini, hewa inayoiivisha. Wenye maghala ya kisasa hulijua hilo, wakapunguza oksijeni kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi baina ya 3 na 5. Nyanya hupumua polepole, ikadumu.

Lakini kudumu si kuzidi manufaa. Wekundu wa nyanya ni likopeni, na likopeni hujengeka wakati wa kuiva. Uivaji ukicheleweshwa, nayo huchelewa. Joto likipita nyuzi 30, kama ghalani mwetu wakati wa kaskazi, hujengeka kwa shida, na nyanya hubaki na umanjano hata ikilainika. Nayo friji ni baridi mno kwa nyanya mbichi: haiivi sawasawa, na harufu yake hupotea.

Basi mama watoto amezitandaza kwenye ungo, kivulini penye upepo, bila kuzirundika. Akitaka mbichi ziive upesi, huziweka karibu na iliyoiva. Zikishaiva huzipika kwa mafuta kidogo, maana likopeni ya mchuzini mwili huipokea vyema kuliko ya kachumbari.